Mtambo Uliomrudishia Fundi Kidole

Fundi mmoja wa milango ya nakshi mjini Lamu, ambaye ameniomba nisilitaje jina lake, hana kidole cha shahada katika mkono wake wa kulia. Amesaliwa na pingili moja tu, ile ya chini. Mbili za juu zilikwenda na msumeno angali kijana, kabla hajaoa. Hilo halikumwachisha kazi. Nyundo huishika barabara, na kalamu ya kuchorea maua ameizoeza kukaa baina ya kidole gumba na kidole cha kati. Ukiutazama mlango wake, waama, hutajua kwamba mkono ulioupamba una upungufu.

Juzijuzi nilifika karakanani kwake pamoja na mpwa wangu, kijana aliyesomea mambo ya kompyuta huko Nairobi na ambaye hakai wiki bila ya kutuletea ajabu mpya nyumbani. Baada ya shikamoo na marahaba, na baada ya kahawa, kijana alipangusa vumbi la mbao mezani, akaweka kompyuta yake ya kupakata, kando yake akasimamisha kamera ndogo, na mbele ya kamera akatandaza karatasi iliyochapwa mraba mweusi. Akasema, "Mzee wangu, leo nimekuletea mlango usio na uzito."

Tukatazama kioo cha kompyuta. Kilionyesha kila kilichokuwapo mezani: patasi, tupa, vikombe vya kahawa, ile karatasi. Walakini juu ya karatasi, pale ambapo macho yetu hayakuona kitu, kiooni palisimama mlango mdogo wa pande mbili, una mfaa katikati na nakshi juu ya kizingiti. Karatasi ikizungushwa, mlango nao huzunguka. Fundi alisogea karibu, akaukagua mfaa, akasema nakshi ile si ya Lamu. Kijana akakiri kwamba aliitoa katika picha ya mlango wa Unguja.

"Nyosha mkono, mzee, uufungue."

Fundi akanyosha mkono wa kulia. Hapo kiooni zikatokea nukta nyekundu juu ya kila kiungo cha vidole, zimeunganishwa kwa mistari, zikawa zinaufuata mkono kila unakokwenda. Niliziona za kidole gumba, nikaziona za kidole cha kati, kisha moyo ukanipiga. Kidole cha shahada kilikuwapo. Nukta zilianzia penye kigutu, zikaendelea hewani mpaka nchani, kidole kizima cha mwanga mahali ambapo hapana nyama wala mfupa tangu miaka hamsini na zaidi.

Fundi hakusema neno. Aligeuza kiganja juu, akakigeuza chini, polepole, na kidole kile kikageuka pamoja naye. Mwisho akamwuliza kijana, "Hiki nilikizika mwenyewe, mwanangu. Wewe umekitoa wapi?"

Kijana hakuwa na jibu la haraka. Na lililofuata lilimtia haya zaidi, kwa sababu ili mlango ule ushikike, ni sharti ncha ya kidole gumba ikutane na ncha ya kidole cha shahada, kama mtu aokotaye sindano. Fundi alijaribu mara tano, mara sita. Kidole cha mwanga kilitetemeka tu, kisikunjike. Mtambo ulimpa kidole, kisha ukakataa kumtii kwa kuwa hakitumii.

Nitarudi karakanani. Kwanza msomaji anistahimilie nimweleze mambo haya yalikotoka, kwani nyuma ya mlango ule mdogo kuna safari ya zaidi ya nusu karne.

KIINIMACHO CHA WASOMI

Kuona vitu visivyokuwapo vikikaa pamoja na vitu vilivyopo, na kuvishika na kuvigeuza kwa mikono mitupu, kuna jina refu katika Kiswahili cha siku hizi: uhalisia ulioongezwa. Marehemu nyanya yangu angaliliita jambo hili kiinimacho, na asingalikosea sana. Ila mwenye kiinimacho huficha anavyofanya, na wahandisi hawa hupenda mno kueleza.

Mwaka 1968, katika Chuo Kikuu cha Harvard huko Marekani, mtaalamu Ivan Sutherland pamoja na mwanafunzi wake Bob Sproull walitengeneza chombo cha kuvaliwa kichwani chenye vioo viwili vidogo mbele ya macho. Kilifungwa kwenye mtambo ulioning'inia darini, nao ndio uliopima kichwa kilikoelekea. Aliyekivaa alikiona chumba kama kawaida, na katikati ya chumba aliona umbo la mistari ya mwanga, limeelea. Akisogea kando, aliuona ubavu wake mwingine. Aliweza kulitazama, kulishika kwa mkono hakuweza.

Aliyeuingiza mkono katika shughuli hii kwa njia ya kupendeza ni Mmarekani mwingine, Myron Krueger, mtu wa kompyuta aliyekuwa na moyo wa msanii. Katika miaka ya 1970 alianza kazi aliyoiita Videoplace. Mtu aliingia chumbani bila ya kuvaa chochote cha ajabu. Kamera ilichukua umbo lake, nalo likatupwa juu ya pazia kubwa kama kivuli. Kiumbe kidogo cha kompyuta kilikuja kukipanda kivuli hicho mkononi mpaka kichwani. Mtu akinyosha kidole, ncha yake ilichora mistari. Rai ya Krueger ilikuwa kwamba mwanadamu asivishwe mizigo ndipo asemezane na mtambo. Mtambo ndio ujifunze kumtazama.

Wenziwe wengi hawakuifuata rai hiyo, na si kwa ukaidi. Kompyuta za wakati ule hazikuwa na nguvu ya kutambua vidole kwa kutazama tu, kwa hivyo ilibidi mkono uvishwe kitu. Thomas Zimmerman alitaka kupiga gitaa lisilokuwapo, akabuni njia ya kupima mkunjo wa vidole. Yeye na Jaron Lanier, katika kampuni ya VPL, wakatoa glavu iliyojulikana sana mwaka 1987, yenye nyuzi za kupitisha mwanga mgongoni mwa kila kidole: kidole kikikunjwa mwanga hupungua, na kompyuta ikajua. Miaka miwili baadaye glavu ya bei nafuu, Power Glove, ikauzwa kwa watoto wa Marekani kwa ajili ya michezo ya Nintendo. Haikudumu.

Jina lenyewe la uhalisia ulioongezwa halikuzaliwa chuoni wala mchezoni, bali kiwandani. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, Tom Caudell na David Mizell wa kampuni ya Boeing walikuwa wakitafuta njia ya kuwasaidia mafundi wanaofunga nyaya za ndege. Badala ya fundi kusoma michoro mikubwa huku na huku, walifikiri, mchoro uonekane machoni pake palepale penye kazi. Hilo nalitaja kwa makusudi: fikra hii, tangu ilipopewa jina, ilikusudiwa mikono ya mafundi.

HIKI, HICHO, KILE

Kazi ninayoipenda kuliko zote katika historia hii ni ile iliyoonyeshwa mwaka 1980 na Richard Bolt katika chuo cha MIT. Mtu aliketi kitini mbele ya ukuta mzima wa picha, kifundoni mwa mkono amefunga chombo kidogo cha kupima mwelekeo. Alinyosha mkono kwenye umbo mojawapo ukutani akasema kwa Kiingereza, "Weka kile," kisha akanyosha kwingine akasema, "pale." Umbo likahama.

Msomaji wa Kiswahili ataona mara moja uzuri wake. Lugha yetu ni tajiri wa maneno haya: hiki, hicho, kile, hapa, hapo, pale, huku, huko, kule. Mtoto wetu hujua tofauti ya hapo na pale kabla hajajua kuhesabu kumi. Lakini maneno hayo yote ni nusu ya usemi. Ukimwambia mtu gizani, "Nipe kile," hukumwambia kitu. Nusu ya pili iko mkononi, au machoni, au hata mdomoni kwa wale wazee wetu wanaoonyesha njia kwa midomo kwa kuwa kumnyoshea mtu kidole ni utovu wa adabu.

Na hapa ndipo penye tabu. Mkono husema, lakini hausemi lugha moja dunia nzima. Nilipokuwa chuoni, maalimu wetu alikuwa akikusanya ncha za vidole vitano zikaelekea juu, akautikisa mkono kidogo. Hakuna mtoto aliyehitaji tafsiri: subiri. Waarabu wana ishara hiyo hiyo kwa maana hiyo hiyo. Huko Italia, mkono uo huo ni swali la mtu aliyekereka: unataka nini wewe? Basi kampuni ya Microsoft ilipotoa miwani yake ya HoloLens mwaka 2016, ilichagua ishara mbili kuu. Ya kwanza ilikuwa kidole cha shahada kuinuliwa na kuinamishwa, kama mtu agongaye hewa. Ya pili, ncha za vidole vitano zikusanywe, zielekee juu, kisha mkono ufunguke kama ua linalochanua. Ndipo orodha ya mambo yote ikatokea mbele ya macho. Subiri ya maalimu wangu ikageuka kuwa mwanzo wa njoo.

Sidai kwamba wahandisi wale walimkosea mtu. Ua ni ua, na lilikuwa ishara nzuri kutazama. Lakini si watu wa Lamu wala wa Napoli walioulizwa. Katika HoloLens ya pili, iliyotangazwa mwaka 2019, ua liliondolewa. Mtu akautazama upande wa ndani wa kifundo cha mkono wake akaona alama ya mwanga, akaigusa kwa mkono wa pili. Vitu vya mwanga navyo vikawa vyashikwa kwa kiganja kizima, kama vitu. Miwani hiyo pia imekoma kutengenezwa, tangu mwaka 2024.

Kuna mambo mengine ya adabu ambayo mtambo hauyajui. Sisi humwita mtu kwa kiganja kilichotazama chini. Kumwita kwa kiganja cha juu na kidole kimoja kikikunjwa, kwa wazee wetu, ni kama kumwita mnyama. Kitu hakipokewi kwa mkono wa kushoto. Kwa mtambo, kulia na kushoto ni mamoja, na pengine ni afadhali hivyo, maana walio mashoto wamesumbuliwa vya kutosha.

TAABU YA MFALME MIDAS

Sasa fikiri, msomaji, Mswahili akisimulia habari ya harusi huku amevaa miwani inayotii mikono. Akieleza ukubwa wa sinia, dirisha la mwanga linapanuka. Akifukuza nzi, barua imefutwa. Wataalamu wana jina la balaa hili, wamelitoa katika ngano za Wayunani: mguso wa Midas, yule mfalme aliyeomba kila agusacho kiwe dhahabu, akapewa, hata chakula kikamgandia mkononi. Jina hilo lilitumiwa mapema na Robert Jacob, karibu na mwaka 1990, kuhusu mitambo inayofuata macho, kwani macho hutazama vitu vingi bila ya kukusudia amri. Mikono ni vivyo hivyo. Sehemu kubwa ya harakati za mkono si maneno, ni pumzi tu za mkono.

Balaa la pili ni la misuli. Filamu ya Steven Spielberg ya mwaka 2002, Minority Report, ilimwonyesha Tom Cruise amevaa glavu zenye taa vidoleni, akizitembeza picha hewani kama kiongozi wa bendi ya muziki. John Underkoffler, aliyekuwa mtafiti wa MIT, ndiye aliyeshauri ishara zile, na baada ya filamu hiyo kila mtu akataka kompyuta ya namna ile. Ukitaka kujua kwa nini hatuzitumii maofisini, nyosha mikono yako miwili mbele ya kifua, uiache hapo mpaka umalize kusoma safu hii. Wahandisi huyaita maumivu hayo mkono wa sokwe. Kinect ya Microsoft, kamera ya mwaka 2010 iliyoutambua mwili mzima kwa mwanga usioonekana, iliuzwa zaidi ya milioni 8 katika siku 60 za mwanzo. Watu waliruka sebuleni wakacheka, kisha wakarudi kukaa kitini. Mwaka 2017 ikakoma.

Hata hivyo kulikuwa na mahali ambapo mkono usiogusa ulikuwa na haja ya kweli. Mwaka 2012, katika hospitali ya St Thomas' ya London, madaktari wa upasuaji wa mishipa walijaribu kuzigeuza picha za mgonjwa kwa ishara, kwa kamera hiyo hiyo ya michezo. Daktari aliyekwisha kutakasa mikono hawezi kugusa kitufe. Kila kitufe kina vijidudu. Hapo mkono hewani si mbwembwe.

Katika kupanda na kushuka kote huko, mitambo imejikuta ikirudi kwenye neno moja. Katika maelfu ya ishara ambazo mkono wa mwanadamu huweza kuzisema, miwani ya leo imeshikilia kubana: kidole gumba na kidole cha shahada. Sababu zake ni nzuri. Mtu habani vidole ovyo anapozungumza. Kamera huliona tendo hilo waziwazi, lina mwanzo na lina mwisho. Na juu ya yote, vidole viwili vinagusana vyenyewe, kwa hivyo mwenye mkono hujua kwa ngozi yake kwamba jambo limefanyika, ingawa kitu alichokishika hakipo. Miwani ya Apple, Vision Pro, iliyoanza kuuzwa Marekani mwezi Februari 2024 kwa dola 3,499, ambazo kwa shilingi zetu hazipungui laki nne, imeligawa tendo mara mbili: jicho huchagua, vidole huthibitisha, na mkono umelala pajani bila ya kuinuliwa. Kampuni ya Meta nayo, Septemba 2025, ilitoa miwani ya dola 799 inayokwenda na bangili ya kifundoni. Bangili hiyo haitazami vidole kabisa. Husikiliza umeme mdogo wa misuli, hata mkono ukiwa mfukoni.

Yaani baada ya kutafuta kwa miaka zaidi ya hamsini namna ya kuufanya mkono useme na mtambo, tumefika kwenye mkono unaonong'ona neno moja mfukoni. Krueger, aliyetaka watu wacheze kwa mwili mzima, asingaliitambua safari yake.

MKONO WA NANI?

Nilimwuliza mpwa wangu yale aliyoulizwa na fundi: kidole kile kimetoka wapi? Alinieleza tukiwa njiani, nami naeleza nilivyofahamu.

Programu za aina hii hufundishwa kwa picha nyingi za mikono, mpaka zikajua mkono hukaaje. Kwa nyingi katika hizo, mkono ni nukta 21: moja ya kifundo cha mkono, na nne kwa kila kidole. Nilipopiga hesabu nikacheka, maana baina ya nukta nne pana nafasi tatu, na vidole vitano mara tatu ni 15. Ni pingili zile zile tulizofundishwa kuhesabia uradi tulipokuwa watoto. Maalimu na mtambo wamekutana. Tofauti ni kwamba maalimu akiona mtoto hana kidole, huhesabu kwa vilivyopo. Programu hutoa nukta 21 kwa kila mkono uuonao, kila mara. Kidole kikiwa kimejificha nyuma ya chengine, hukisia kilipo, na makisio hayo ndiyo yanayoifanya ionekane ina akili. Basi ilipouona mkono wa fundi, ilidhani kidole kimejificha. Haikuwa na namna ya kusema hakuna.

Kwa hivyo kidole cha mwanga hakikuwa cha fundi. Kilikuwa wastani wa vidole vya watu wengine.

Jambo hili la wastani lina historia. Zamani njia iliyo nyepesi ya kuufundisha mtambo utambue mkono ilikuwa ni kuupa rangi ya ngozi uitafute katika picha. Rangi ipi? Msomaji anaweza kukisia maabara hizo zilikuwa wapi. Mwaka 2018 Joy Buolamwini na Timnit Gebru walipima programu za makampuni matatu zinazotazama nyuso na kusema huyu ni mwanamume au mwanamke. Kwa wanaume weupe hakuna iliyokosea zaidi ya asilimia 0.8, kwa wanawake weusi mojawapo ilikosea asilimia 34.7. Hiyo ni habari ya nyuso, lakini mkono na uso vina ngozi moja. Miwani mingi ya siku hizi imeikwepa aibu hiyo kwa mikono, kwani hutumia mwanga usioonekana, na baadhi hupima umbali badala ya rangi. Aibu ya idadi ya vidole ingalipo. Apple, na haki isemwe, imeweka njia za kuendesha miwani yake kwa kichwa au kwa kifundo cha mkono kwa yule asiyeweza kubana vidole. Lakini njia hizo ziko ndani ya orodha ya mipangilio, na mtu wa kwanza kupitia mlangoni bado ni yule mwenye vidole kumi.

Hapa nyumbani wapo watu ambao mikono yao husema kutoka asubuhi hadi usiku, nao ni viziwi. Katiba yetu ya mwaka 2010 imeifanya Lugha ya Ishara ya Kenya kuwa mojawapo ya lugha rasmi tatu za Bunge, pamoja na Kiswahili na Kiingereza. Mhandisi Mkenya, Roy Allela, ambaye ana mpwa aliye kiziwi, alitengeneza glavu zinazosoma ishara za vidole na kuzigeuza sauti kwa njia ya simu. Mwaka 2019 alikuwa miongoni mwa waliochaguliwa kushindania tuzo ya uhandisi ya Afrika inayotolewa na chuo cha kifalme cha wahandisi cha Uingereza. Kazi hiyo naistahi, na zaidi kwa kuwa ilianzia kwa mtu mmoja na haja yake, si kwa wastani. Walakini lugha ya ishara haikai vidoleni peke yake. Iko katika nyusi, katika mdomo, katika mahali mkono ulipo mbele ya kifua. Glavu haina nyusi.

TUREJEE KARAKANANI

Tulimwacha fundi amenyosha mkono, na mlango umesimama. Mpwa wangu aliinamia kompyuta. Nilimwona akitafuta, akapata mstari mmoja wa maandishi. Ncha ya kidole cha shahada, katika hesabu ya programu ile, ni nukta ya 8. Ya kidole cha kati ni ya 12. Akafuta 8 akaandika 12. "Jaribu tena, mzee wangu. Bana kama unavyoshika kalamu."

Fundi akabana kwa gumba na kidole cha kati, na mlango ukafunguka.

Aliufungua, akaufunga, akaufungua. Alipozoea, aliuinua wote kutoka kwenye karatasi, akaugeuza upande wa nyuma kuona kama yuko aliyechonga huko. Hayuko, nyuma palikuwa patupu. Akacheka. Kijana akamweleza kwamba mteja aliye Nairobi au Dubai angeweza kuuona mlango umesimama katika nyumba yake kabla mbambakofi haijakatwa, akasema upanuliwe hapa, upunguzwe pale, na fundi asipoteze ubao. Hilo lilimwingia fundi akilini, kwani anajua bei ya mbao.

Lakini alikuwa na lalamiko. "Haunijibu," alisema. "Mti nikiugusa hunijibu. Huniambia hapa pana fundo, hapa nenda taratibu. Huu nausukuma, nao hauna neno."

Kijana akamsimulia habari za kampuni ya Uingereza, huko Bristol, iliyotumia mawimbi ya sauti yasiyosikika kuusukuma hewa juu ya kiganja mpaka mtu akahisi ameguswa. Fundi alisikiliza kwa heshima. Akauliza kama mawimbi hayo yana fundo la mti. Kijana akasema bado. Kisha fundi akachukua karatasi nyingine, akamchorea mfaa ulivyo kwa watu wa Lamu, petali kwa petali, aende nao arekebishe.

Jua lilikuwa limeshuka. Mpwa wangu alianza kufunga mizigo yake, lakini lile jambo la kidole lilikuwa likimsumbua bado. Akasema kwa sauti ya chini kwamba anaweza kuandika maneno machache, zile nukta zisitokee tena kwa mkono wa mzee. Ni kazi ya dakika kumi. Azifute?

Fundi alikuwa ameunyosha mkono tena mbele ya kamera, anautazama kiooni.

"Ngoja kwanza," alisema. "Nipigie picha na simu yako. Mke wangu hajapata kukiona."